Jonathan Daniels: Mseminari aliyepokea risasi isiyokuwa yake

ALASIRI ya Ijumaa, Agosti 20, 1965, vijana wanne walitoka jela ya mji mdogo wa Hayneville, jimbo la Alabama kusini mwa Marekani, wakatembea kuelekea duka lililokuwa karibu ili wanunue soda. Wawili walikuwa wanaume wazungu: mmoja padri wa Kikatoliki, mwingine mwanafunzi wa uchungaji wa Kianglikana. Wawili walikuwa wasichana weusi. Mlangoni mwa duka walimkuta mzungu mwenye bunduki, naye aliwaamuru waondoke la sivyo angewamaliza. Kisha akaielekeza bunduki kwa msichana mmoja, Ruby Sales, aliyekuwa na umri wa miaka 17.

Mwanafunzi yule wa uchungaji akamsukuma msichana kando, naye akabaki pale alipokuwa amesimama. Risasi ikampata yeye, akafa papo hapo.

Aliitwa Jonathan Myrick Daniels, na alikuwa na umri wa miaka 26. Ilibaki chini ya mwaka mmoja amalize masomo yake ya seminari.

Hayneville ni mbali sana na Makadara. Hata hivyo, mkazi wa Kaloleni, Bahati au Makongeni aliyesimuliwa na wazazi wake maisha ya mitaa hiyo chini ya serikali ya kikoloni hahitaji mkalimani ili aelewe kilichompeleka kijana huyo Alabama. Daniels aliuawa kwa sababu ya mambo mawili ambayo siku hizi huonekana kuwa ya kawaida mno: jina la mtu mweusi kuandikwa katika daftari la wapiga kura, na mtu mweusi kuheshimiwa mbele ya sheria. Yote mawili yaliwahi kunyimwa Waafrika wa Nairobi pia.

Kutoka jeshini hadi seminari

Daniels alizaliwa Machi 20, 1939 katika mji wa Keene, jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Babake alikuwa daktari na mamake mwalimu. Watu weusi walikuwa wachache sana katika mji huo, na hakuna katika utoto wake jambo lililoashiria kwamba angekuja kufia vita vya haki zao. Alilelewa katika madhehebu mengine ya Kiprotestanti, lakini akiwa bado mwanafunzi wa shule ya upili alihamia Kanisa la Episkopali, ambalo ndilo tawi la Marekani la ushirika wa Kianglikana. Kwa maana hiyo alikuwa ndugu wa waumini wanaosali katika kanisa la St Stephen's kwenye Barabara ya Jogoo.

Kwa mshangao wa wengi waliomfahamu, alichagua chuo cha kijeshi cha Virginia. Kijana huyo mpenda vitabu alistahimili nidhamu kali ya chuo hicho, na alipohitimu mwaka 1961 wenzake walimchagua atoe hotuba ya kuwaaga. Kutoka hapo alipata ufadhili wa kusomea fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Hiyo haikuwa miaka ya furaha. Babake alikuwa amefariki, imani yake ilikuwa imetikisika, na masomo ya fasihi hayakumtuliza. Siku ya Pasaka mwaka 1962, akiwa ibadani katika kanisa moja mjini Boston, alihisi kwamba shaka zake zimeondoka na kwamba anaitwa kuwa kasisi. Mwaka uliofuata alijiunga na seminari ya Episkopali mjini Cambridge, Massachusetts.

Basi lililoondoka bila wao

Mapema mwaka 1965 harakati za haki za kiraia zilikuwa zimejikita katika mji wa Selma, Alabama. Watu weusi walitaka kusajiliwa kuwa wapiga kura, na maafisa wazungu waliwazuia kwa mitihani ya hila, kwa vitisho vya kufutwa kazi na kwa rungu. Februari mwaka huo polisi wa jimbo alimpiga risasi Jimmie Lee Jackson katika mji jirani wa Marion, alipokuwa akijaribu kumkinga mamake. Jackson alikuwa shemasi wa kanisa la Baptisti, mtu mweusi, naye pia alikuwa na umri wa miaka 26. Kifo chake ndicho kilichozaa wazo la kuandamana kutoka Selma hadi Montgomery, makao makuu ya jimbo.

Jumapili, Machi 7, waandamanaji walipovuka Daraja la Edmund Pettus, polisi waliwashambulia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Picha hizo zilionyeshwa kwenye televisheni kote Marekani. Dkt Martin Luther King akatoa wito kwa viongozi wa dini wa madhehebu yote waje Selma.

Daniels alisitasita. Alijiuliza iwapo safari hiyo ingekuwa ya maana au ya kujionyesha tu. Jioni moja katika kanisa dogo la seminari, wakati wa kuimba utenzi wa Bikira Maria unaomsifu Mungu kwa kuwashusha wenye nguvu na kuwakweza wanyonge, aliamua kwenda. Ni maneno ambayo kila Mwanglikana ameyaimba mara nyingi mno, mengi ya mara hizo akiwaza mambo mengine.

Waliondoka seminarini wakiwa kundi, wakikusudia kukaa siku mbili au tatu. Siku ya kurejea ilipofika, Daniels na mwanafunzi mwenzake, Judith Upham, waliachwa na basi lililokuwa likiwapeleka wenzao uwanja wa ndege. Katika saa za kungoja safari nyingine walianza kujiuliza wanarudi kufanya nini. Mtu mweusi wa Selma hakuwa na ndege ya kumwondoa. Mgeni anayefika, akapigwa picha akiandamana, kisha akarudi kwao huku mwenyeji akibaki na sherifu yule yule, anakuwa ametoa msaada gani? Wawili hao walirudi Cambridge kuomba ruhusa ya kumalizia muhula wao Alabama. Wakaruhusiwa.

Uamuzi huo ndio kiini cha kisa hiki kuliko hata kile kilichotokea mlangoni mwa duka. Kumsukuma msichana kando kulichukua muda wa kupepesa jicho, na huenda hakukuwa na nafasi ya kuwaza. Kurudi Alabama kulikuwa na nafasi tele ya kuwaza. Machi 11, kasisi mzungu James Reeb alifariki baada ya kupigwa vibaya na wazungu katika barabara ya Selma. Machi 25, Bi Viola Liuzzo, mama mzungu kutoka Detroit, aliuawa kwa risasi akiendesha gari katika kaunti ya Lowndes, kaunti ile ile ambako Daniels angekuja kufanya kazi. Alijua vyema aliko.

Mjini Selma, Daniels aliishi na familia ya watu weusi katika nyumba za umma, akala mezani pao na kucheza na watoto wao. Jumapili aliwachukua vijana weusi na kwenda nao katika kanisa la Episkopali la St Paul's, ambalo waumini wake walikuwa wazungu. Baada ya kuzuiwa mlangoni mwanzoni, waliruhusiwa kuingia lakini wakaketishwa viti vya nyuma na kupokea ushirika mtakatifu baada ya wazungu. Wapo waumini waliomtolea Daniels maneno ambayo hayaandikiki, wakiwa wametoka tu kupokea mkate na divai.

Katika maandishi yake ya miezi hiyo, Daniels hakuficha kwamba awali aliwachukia wazungu wa Kusini na kufurahia kuwachukia. Anaeleza kwamba aligeuka moyo katika mji wa Camden, Alabama, siku waliporushiwa gesi ya kutoa machozi. Alitambua kwamba hata wale waliokuwa wakiirusha walikuwa wafungwa wa mfumo ule ule, na kwamba hakuja Alabama kuwashinda bali kuwakomboa nao pia. Si lazima msomaji akubaliane naye. Wapo wanaharakati weusi wa wakati huo ambao hawakukubali.

Daftari lisilo na jina jeusi

Kaunti ya Lowndes iko kati ya Selma na Montgomery. Wakazi wanne kati ya kila watano walikuwa weusi, wengi wao vibarua na wapangaji katika mashamba ya pamba ya wazungu. Mwaka 1965 ulipoanza, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa katika daftari la wapiga kura. Machi mwaka huo John Hulett alikuwa mmoja wa wawili wa kwanza kusajiliwa.

Hapo ndipo msomaji wa Nairobi anapoweza kukumbuka Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wabunge wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane kwa koloni zima. Si kila Mwafrika aliyeruhusiwa kupiga kura: mtu alipimwa kwa elimu, mapato, mali au utumishi wake, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupata hadi kura tatu huku jirani yake akikosa hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa, juu ya hayo yote, kuthibitisha kwamba walikuwa watiifu kwa serikali. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Aprili 24, 1954, wanajeshi wa Uingereza walipouzingira mji wa Nairobi na kuwakamata maelfu ya watu katika Operesheni Anvil.

Katika uchaguzi huo Tom Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek na kutwaa kiti cha Nairobi. Mwaka 1961 alichaguliwa tena, wakati huo kuwakilisha Nairobi Mashariki. Ukumbi wa Kaloleni, ambao uko Makadara, ulikuwa tayari umezoea siasa za namna hiyo. Ni humo ambamo Makhan Singh, Aprili 23, 1950, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki.

Uhusiano wa harakati hizo mbili haukuwa wa kufanana tu. Aprili 1959 Mboya alihutubia vijana waliokusanyika Washington kudai shule zisizobagua rangi, na mwezi uliofuata Dkt King na wenzake walimwandalia karamu mjini Atlanta. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kujipatia uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alikutana mjini Atlanta na vijana wa kamati ya wanafunzi iliyoongoza harakati za Kusini. Walipoagana naye, baadhi ya vijana hao waliingia katika mkahawa uliokuwa jirani, wakanyimwa huduma kwa ajili ya rangi yao, wakakataa kuondoka na kutiwa mbaroni. Mwenyekiti wao, John Lewis, alipozuru Nairobi mwaka 1964 alikutana humo na Malcolm X. Ni kamati hiyo hiyo iliyompeleka Stokely Carmichael katika kaunti ya Lowndes, na ni pamoja na Carmichael na wenzake ambapo Daniels alifanya kazi alipotoka kufanya mitihani ya mwisho wa mwaka na kurudi Alabama mwezi Julai.

Kazi yenyewe haikuwa ya kusisimua. Ilikuwa ya kubisha mlango baada ya mlango, kunywa maji uliyokaribishwa, na kumshawishi mzee aliyejua fika kwamba akisajiliwa angeweza kufukuzwa shambani siku inayofuata. Agosti 6, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura, iliyofuta mitihani ya kusoma na kuandika katika majimbo kama Alabama na kuruhusu wasajili wa serikali kuu kutumwa huko. Ilibaki kuwashawishi wenyewe wajitokeze.

Siku sita gerezani

Jumamosi, Agosti 14, vijana wa Lowndes waliandamana katika mji wa Fort Deposit dhidi ya maduka yaliyowanyanyasa wateja weusi. Wazungu wenye bunduki na marungu walikuwa wakiwangoja. Polisi waliwakamata waandamanaji karibu 30, Daniels na Padri Richard Morrisroe wa Chicago wakiwemo, wakawapakia katika lori la taka na kuwapeleka jela ya Hayneville.

Jela ilikuwa na joto kali, vyoo vilifurika, na chakula kilikuwa cha kutapisha. Daniels alikataa kutolewa kwa dhamana huku wenzake wakibaki ndani. Humo alimwandikia mamake barua ya kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa, akifanya mzaha kuhusu mahali barua ilikotoka.

Siku ya sita waliachiliwa ghafla, bila dhamana kulipwa na bila maelezo. Hawakupewa usafiri, na wenzao wa nje hawakuwa wamearifiwa. Walisimama barabarani katika jua la alasiri wakingoja mtu aliyekwenda kutafuta simu. Watu weusi wa mji huo wakawa wamejifungia majumbani. Waliokuwa wakingoja walilitambua jambo hilo, na halikuwafurahisha.

Duka la Varner lilikuwa miongoni mwa maduka machache ya mji huo yaliyowauzia watu weusi. Daniels, Padri Morrisroe, Ruby Sales na Joyce Bailey wakaenda huko. Aliyewazuia mlangoni, Tom Coleman, alikuwa mfanyakazi wa idara ya barabara ya jimbo na naibu wa sherifu wa kujitolea, mtu wa ukoo wenye jina katika kaunti hiyo. Alikuwa na bastola kiunoni na bunduki ya marisau mkononi. Baada ya kumwua Daniels, alimpiga Padri Morrisroe mgongoni alipokuwa akikimbia huku amemshika mkono Joyce Bailey. Padri huyo alifanyiwa upasuaji wa saa nyingi na akapona, ingawa ilimchukua muda mrefu kuweza kutembea tena. Wasichana wote wawili walinusurika.

Coleman hakutoroka. Alipiga simu kwa mkuu wa usalama wa jimbo mjini Montgomery akamwarifu kwamba amewapiga risasi wahubiri wawili.

Wanaume kumi na wawili

Katika Mahakama ya Makadara, kama kwingineko nchini Kenya, hakimu ndiye anayesikiliza ushahidi na yeye ndiye anayeamua kama mshtakiwa ana hatia. Marekani kesi nzito huamuliwa na juri, yaani jopo la raia wa kawaida, mara nyingi 12, huku jaji akisimamia sheria tu. Utaratibu huo husifiwa kuwa ngome ya raia dhidi ya dola. Katika kaunti ya Lowndes ulikuwa ngome ya kina Coleman.

Baraza la kuandaa mashtaka lilikataa kumshtaki Coleman kwa kosa la mauaji ya kukusudia, likachagua kosa la kuua bila kukusudia. Mwanasheria Mkuu wa Alabama, Richmond Flowers, aliona aibu hiyo akaingilia kati na kuomba kesi iahirishwe, kwa kuwa Padri Morrisroe, shahidi mkuu, alikuwa bado hospitalini. Jaji alikataa na kumwondoa katika kesi. Mawakili wa utetezi walidai kwamba Daniels alikuwa na kisu na padri alikuwa na bastola. Ruby Sales, ambaye tangu siku ya tukio alikuwa hawezi kusema vizuri kwa mshtuko, alifika kortini licha ya vitisho vya kuuawa na kueleza alichokiona. Hapakuwa na kisu wala bastola.

Septemba 30, 1965, juri ya wanaume 12, wote wazungu, ilijadiliana kwa muda usiotimia saa mbili ikamwachilia Coleman. Baadhi yao walimpa mkono walipokuwa wakitoka. Alirudi kwenye maisha yake ya kawaida mjini Hayneville na kufariki mwaka 1997, bila kufungwa hata siku moja kwa kosa hilo.

Kenya ya kikoloni nayo ilikuwa na juri, lakini kwa ajili ya Wazungu pekee: Mzungu alihukumiwa na Wazungu wenzake, ilhali Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza ambao ushauri wao jaji hakulazimika kuufuata. Mwaka 1923 juri ya namna hiyo ilimpata Jasper Abraham, mlowezi wa Molo, na hatia ya kujeruhi tu, baada ya mfanyakazi wake aliyeitwa Kitosh kufa kwa kipigo chake. Alifungwa miaka miwili.

Historia, hata hivyo, haiendi kwa mstari ulionyooka. Oktoba 1959 mhandisi Peter Poole alimpiga risasi na kumwua Kamawe Musunge jijini Nairobi, kisa na maana Musunge alijikinga kwa mawe dhidi ya mbwa wa bwana huyo. Juri ya Wazungu watupu ilimpata Poole na hatia ya mauaji. Maelfu ya walowezi walitia saini maombi ya kumwokoa, lakini gavana alikataa, na Poole akanyongwa Agosti 18, 1960. Kwa hiyo Kenya, koloni ambalo lilikuwa bado halijapata uhuru, ilimwadhibu mzungu aliyemwua Mwafrika. Miaka mitano na siku mbili baadaye, katika taifa lililojiita kiongozi wa ulimwengu huru, mzungu aliyemwua mzungu mwenzake kwa kuwatetea weusi hakuguswa.

Kilichofuata

Kesi ya Coleman ilizaa kesi nyingine. Wakazi weusi wa Lowndes, wakiungwa mkono na chama cha Waepiskopali waliopinga ubaguzi, walikwenda katika mahakama ya serikali kuu mjini Montgomery kupinga jinsi juri zilivyoteuliwa. Miongoni mwa waliotayarisha hoja alikuwa Pauli Murray, wakili mweusi ambaye mwaka 1977 angekuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutawazwa kasisi katika Kanisa la Episkopali. Februari 1966 majaji waliamua kwamba kuwatenga watu weusi katika juri za kaunti hiyo ni kinyume cha katiba. Waliamua vilevile kwamba kuwatenga wanawake, kama sheria ya Alabama ilivyofanya, ni kinyume cha katiba pia. Hivyo kifo cha mseminari kikawafungulia mlango hata wanawake wazungu wa Alabama, ambao wengi wao hawakumwombolezea.

Mwaka huo huo watu wa Lowndes waliunda chama chao wenyewe, nembo yake ikiwa chui mweusi, nembo ambayo vijana wa Oakland, California waliichukua baadaye na kuifanya maarufu duniani. Walishindwa katika uchaguzi wa Novemba 1966. Mwaka 1970, John Hulett alichaguliwa sherifu wa kaunti ya Lowndes. Jela iliyomfunga Daniels ikawa chini ya mtu mweusi.

Ruby Sales alikwenda kusoma katika seminari ile ile aliyosoma Daniels, na tangu hapo amekuwa mwanaharakati wa haki na mwanzilishi wa shirika la SpiritHouse, alilolianzisha kwa kumbukumbu yake.

Kanisa la Episkopali lilimwingiza Daniels katika kalenda yake ya watakatifu na mashahidi mwaka 1991 na kuteua Agosti 14, tarehe aliyokamatwa, kuwa siku yake. Katika kanisa kuu la Canterbury nchini Uingereza, anakumbukwa ndani ya kikanisa cha mashahidi wa nyakati zetu, sawa na Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliyeuawa na utawala wa Idi Amin Februari 1977. Kwa Wakenya, Agosti 14 ina kumbukumbu nyingine. Ni siku hiyo, mwaka 1990, ambapo Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Eldoret alifariki katika ajali ya barabarani akitoka Busia, baada ya waziri Peter Okondo kumtisha kwamba akikanyaga huko hangerudi hai. Muge alikwenda. Kama Daniels, alikuwa amepitia mafunzo ya kijeshi kabla ya kuingia kanisani, katika kikosi cha GSU.

Kuna lawama moja ambayo haifai kupuuzwa. Jimmie Lee Jackson, shemasi yule wa Marion, alikufa akimkinga mamake katika mapambano hayo hayo na kwa umri huo huo, lakini jina lake lilichukua miaka mingi kupewa heshima aliyopewa Daniels katika muda mfupi. Polisi aliyempiga risasi alikiri kosa la kuua bila kukusudia mwaka 2010, miaka 45 baadaye, akafungwa miezi michache. Wanaharakati weusi waliona mapema kwamba Marekani ilishtuka zaidi damu ya mzungu ilipomwagika, na ushahidi wa mwaka 1965 uko upande wao. Daniels mwenyewe, aliyekataa kutoka jela kabla ya wenzake weusi, angekuwa na shida kubwa kupinga.

Kila Agosti mahujaji huandamana Hayneville. Hupita jela, husimama mahali palipokuwa na duka na kupiga magoti, kisha humalizia safari katika jengo la mahakama ambamo Coleman aliachiliwa huru. Humo husomwa majina ya waliouawa Alabama, Jackson akiwemo, na meza ya jaji hutandikwa kitambaa cheupe ili itumike kuwa madhabahu.